Mkono Ulio Mbali

Mama yangu alikuwa mwosha maiti, na mimi nilitaka kuwa nesi. Watu wa mtaa wetu hawakuona tofauti kubwa. Kwao, mwosha na nesi wote wawili walikuwa wanawake wanaoingia chumbani kwa mtu asiyejiweza na kutoka wamefunga mdomo. Nilipochaguliwa kusomea uuguzi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, jirani mmoja alimpongeza mama kwa kusema kwamba sasa kazi yote itabaki nyumba moja, toka homa mpaka kaburi. Mama alicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikimkumbuka jirani yule hasira hunipanda.

Kabla ya hapo nilikuwa aya wa wodi katika hospitali ya hapa Bagamoyo. Aya ndiye anayepiga deki, anayemwaga vyombo vya choo, anayeitwa kila mtu anapotapika. Sista aliyesimamia wodi ya wanawake, mtu wa bara mwenye saa iliyobanwa kifuani, aliona kwamba nimesoma hadi darasa la nane na kwamba damu hainitishi, akaniingiza katika kundi lililokuwa likifundishwa palepale hospitalini. Mtihani wa kuandika nilipita. Ukabaki ule wa vitendo, ambao mtahini hutoka Dar es Salaam kuja kukutazama ukifanya kazi kwa mikono yako mbele yake. Ukipita unaandikishwa, unapewa cheti, unavaa mkanda, na mgonjwa anakuita nesi. Ukianguka unapewa nafasi nyingine moja tu. Ukianguka tena, unarudi kwenye ndoo na deki, na hapo utazeekea.

Sindano haikunitia hofu. Tulichoma machungwa mpaka yakawa hayaliki. Kufunga vidonda niliweza, na kitanda changu kikitandikwa shuka lake halikuwa na kunyanzi. Nilichoogopa ni jambo ambalo wenzangu waliliona la kitoto, yaani kumwogesha mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani.

Tatizo langu ni kwamba kazi ile niliijua mno. Mama hakuwa na binti mwingine, na ingawa kwa desturi msichana haingizwi kwenye kuosha maiti, alihitaji mtu wa kummiminia maji. Tangu nilipovunja ungo alikuwa akiniita. Nilisimama naye nyuma ya pazia la khanga, kando ya mfuo, lile shimo linalochimbwa chini ya kitanda kupokea maji, nikamimina kwa kata huku yeye akipitisha kitambaa. Mama alikuwa na sheria zake. Mwili haufunuliwi, unaoshwa chini ya shuka. Kila kitu huanza kuume. Kitambaa hupita mara tatu. Na hakuna anayesema neno isipokuwa dua, na hata hiyo ni ya moyoni. Kilichoonekana pale hubaki pale. "Maiti hawezi kujitetea," alikuwa akiniambia, "basi usimsemeshe, asije akatamani kukujibu."

Hospitalini Sista alitufundisha kinyume chake. Simama upande wa kuume wa mgonjwa, anza na mkono ulio mbali nawe, yaani wa kushoto, ili maji yasidondokee pale ulipokwisha pakausha. Na useme. Kabla hujamgusa mgonjwa mwambie unataka kumgusa wapi. Muulize kama maji ni ya moto mno, kama anasikia baridi. Mgonjwa anayesemeshwa, alisema Sista, haogopi.

Wenzangu walipiga soga wakiogesha, na wagonjwa wao walicheka. Mimi, kila nilipoweka beseni kando ya kitanda na kumfunika mtu kwa shuka, ulimi uligoma. Mkono nao ulikwenda wenyewe kuume. Sista alikuwa akisimama miguuni pa kitanda akinitazama, na nilijua kwamba anatazama, na kujua kwangu hakukunisaidia kitu.

"Mikono yako ni mizuri kuliko ya wote," aliniambia siku moja, "lakini mtu akikuona atadhani umekasirika. Umegombana na huyu mama?"

Nikamwambia sikugombana naye. Sikuweza kumweleza lile lililokuwa likinifunga. Hakuwa mtu wa hapa, na nisingejua nianzie wapi. Tena niliona haya. Wenzangu wengine walikuwa binti za walimu na makarani, na sikutaka wapate la kusema juu ya mikono yangu na mahali ilikopita.

Wiki za mwisho kabla ya mtihani nilikuwa nikisukuma sahani mbali. Nilirudi nyumbani na buibui juu ya sare, nikaketi uani bila kulivua. Mama akaona. Nilipomweleza alicheka, akasema dawa yake ni ndogo. Siku moja baada ya adhuhuri alitandika shuka safi juu ya kitanda cha kamba chumbani, akajilaza chali, akanyoosha mikono.

"Haya, niogeshe," akasema. "Mwosha huoshwa."

Nikaleta beseni. Nikamfunika. Nikasema, "Mama, sasa nitaosha uso wako," na sauti yangu ikanichekesha mwenyewe. Nilipofika kwenye mikono nikauendea ule wa mbali, wa kushoto. Mama akaurudisha chini ya shuka.

"Kuume kwanza."

"Kwetu ni wa mbali kwanza, Mama."

"Kwenu wapi?"

"Hospitali."

"Umezaliwa na hospitali wewe?"

Tukabishana hivyo, yeye amelala chali, mimi nimesimama na kitambaa kinachodondosha maji sakafuni. Kwa mama, kuume hakukuwa jambo la maiti peke yake. Mtu hula kwa mkono wa kuume, huvaa kuanzia kuume, huingia msikitini kwa mguu wa kuume. Sasa hao mabwana wa hospitali wametoka wapi na kushoto kwao? Mwishowe nilichoka, nikaosha wa kuume kwanza. Akafumba macho akaridhika. Nami nikanyamaza, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea.

Hapo ndipo jirani yetu, yule wa homa mpaka kaburi, alipoingia kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Alimkuta mama amelala chali chini ya shuka, macho yamefumbwa, na mimi nimeinama juu yake na maji bila kusema neno. Hakuuliza. Alisema innalillahi, akatoka mbio. Kabla alasiri haijaadhiniwa, wanawake walikuwa wamejaa barazani na mikeka yao, na mzee mmoja alikuwa amekwisha uliza kaburi lichimbwe upande gani. Mama akatoka amejifunga khanga kifuani, uso umelowa, akawatazama mmoja mmoja.

"Sijafa," akasema. "Mwanangu ana mtihani."

Wapo waliocheka. Walio wengi hawakucheka. Waliondoka wakinong'ona kwamba ule ni uchuro, kumlaza mtu mzima na kumwosha kabla ya siku yake, tena mama mzazi. Mama alisema maneno ya watu hayajapata kuchimba kaburi, akaenda kumpelekea jirani ile mbuzi aliyokuja kuiazima. Lakini mimi yaliniingia. Nilikwenda nayo kazini na kurudi nayo. Sikumwomba mama alale tena, nikafanyia mazoezi mto wa sufi, ambao haukujibu wala kunikosoa.

Siku ya mtihani ilikuwa ya masika. Barabara ya Dar ilikuwa tope tupu, Landrova ya mtahini ikachelewa, nasi tukasimama ukumbini na aproni zetu zilizopigwa wanga mpaka zikalainika kwa jasho. Mtahini alikuwa mama mnene, mpole, na upole wake ndio ulionizidishia hofu. Nilichoma sindano, akaitikia kwa kichwa. Nikafunga kidonda, akaitikia. Kisha akanionyesha kitanda kilichokuwa dirishani.

Bibi aliyelala pale alikuwa amevunjika nyonga. Alikuwa wa nyumba za zamani za karibu na forodha, na dada yake alifariki mwaka uliotangulia. Mama ndiye aliyemwosha, mimi ndimi niliyemimina maji, na bibi huyu alikuwepo, ameshika ncha ya pazia. Nilimtambua mara moja. Nikaomba Mungu yeye asinitambue.

Nilivuta skrini. Nikamwambia, "Shikamoo, Bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza kwamba nataka kumwogesha, asiogope. Mpaka hapo nilikwenda vyema. Kisha nikamfunika shuka, nikakamua kitambaa, nikasikia yale maji yakirudi kwenye beseni, na ulimi ukagoma kama kawaida yake. Nilimwosha uso kimya. Nikashika mkono wa kuume. Nikapitisha kitambaa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, taratibu, kama nilivyolelewa, nikijua kabisa ninalokosea na nisiweze kujizuia.

Bibi akanishika kifundo cha mkono.

"Wewe si binti wa mwosha?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Mama yako amekutuma?"

"Hapana, Bibi. Nina mtihani."

Hakuniamini. Aligeuza uso kwenye skrini, kana kwamba nyuma yake wapo watu na sanda. "Mwambie bado," akasema. "Mwambie mimi bado." Akaanza kutamka shahada kwa sauti, machozi yakamtoka.

Mtahini hakujua mwosha ni nani wala kuume kuna nini. Alichoona ni kwamba mgonjwa analia na nesi kasimama hana la kumwambia. Alinitoa kitambaa mkononi kwa adabu, akamfuta bibi machozi mwenyewe, akaniambia nikangoje nje. Nikangoja, ingawa sikuwa na cha kungojea.

Wenzangu walivaa mikanda yao wakaanza kuitwa manesi. Mimi nikarudi kwenye deki mpaka mtihani mwingine. Wengine walinituma kwa sauti ya huruma kumwaga vyombo, na huruma ile ilinikera kuliko dharau, kwa kuwa mtu wa dharau ningeweza kumjibu. Mama alikuwa amekwisha sikia kabla sijafika nyumbani. Mji wetu haufichi kitu. Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nilitaka anifariji, na nilitaka pia kumwambia kwamba ni mkono wake ulioniangusha. Nilimwambia hilo la pili.

Aliendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Mshika mawili moja humponyoka. Basi huku usije tena."

Na kweli hakuniita tena. Palipotokea maiti alikwenda na mwenzake, bibi mmoja wa mtaa wa pili ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, nami nikabaki ndani nikisikia mlango ukifungwa. Nilijiona nimefukuzwa na wazima, kisha nimefukuzwa na wafu. Tulikula sahani moja, mama na mimi, na tulizungumza habari za chumvi na kuni.

Kabla mtihani wa pili haujafika, miguu ya mama ikaanza kuvimba. Akawa hawezi kupanda kipandio cha baraza bila kupumzika. Daktari akasema ni moyo, akamlaza katika wodi yangu. Jirani alikuja kumtazama, akatoka, akanikuta na ndoo yangu mlangoni.

"Si tulisema?" akaniambia.

Na mimi nilikuwa nikijisemea hayo hayo. Uchuro sikuuamini mchana nikiwa na kazi mkononi, lakini kila nilipoketi uliniketia kifuani. Nilimfunika mwenyewe, nikamwosha mwenyewe, na sasa amelala. Nilikuwa na hofu ambayo elimu yote ya Sista haikuigusa.

Asubuhi iliyofuata Sista akanipa beseni. "Mwogeshe mama yako," akasema. "Mimi nitasimama nyuma ya skrini. Sitaki kukuona, nataka kukusikia."

Nilimfunika mama kwa shuka. Nikaona kile kile walichokiona majirani siku ile, ila safari hii hapakuwa na mchezo. Nilisimama na kitambaa mkononi nisijue pa kuanzia.

"Sema nami," mama akasema.

"Niseme nini, Mama?"

"Hayo mnayofundishwa. Ukinyamaza hivyo najiona nimekwisha kwenda."

Mama aliingia vyumba vingi vyenye ukimya ule, na yeye ndiye aliyekuwa akiusimamia. Haikunipitikia hata siku moja kwamba ungeweza kumtisha. Niliposikia hivyo nilimwonea huruma.

"Mama," nikasema, "sasa nitaosha uso wako."

"Haya."

"Maji si ya moto?"

"Yamepoa. Kesho ulete yenye moto kidogo."

Kisha akautoa mwenyewe mkono wake chini ya shuka, ule wa mbali, wa kushoto, akaninyooshea. Ulikuwa mzito kwake, ukatikisika hewani. Niliupokea upesi. Nilimwosha huku nasema na machozi yananitoka, na nyuma ya skrini Sista akakohoa kidogo, akaenda zake.

Baada ya hapo nilimwogesha kila asubuhi. Nilisema mpaka maneno ya Sista yakaniishia nikaingiza yangu, nani ameposwa, samaki gani wameshuka sokoni, jirani amegombana na nani. Mama alikuwa mgonjwa mgumu kuliko mtahini yeyote. Nikimwinua mguu bila kumwambia, alisema, "Hujabisha hodi." Habari ya kuume hakuitaja tena. Kila nilipofika kwenye mikono aliniinulia ule wa mbali kabla sijaunyooshea wangu, akangoja. Nilikusudia kumwomba radhi kwa neno la jikoni. Nikaona mkono ule umekwisha lijibu, nikaliacha.

Mtahini yule yule ndiye aliyerudi. Nilipewa mwanamke wa mashamba ya Makurunge, mwenye homa ya matumbo, nikamsemesha toka uso mpaka nyayo, hata akaniambia, "Mwanangu, hebu nipumzishe kidogo." Mtahini alicheka. Nikapita. Mama alikuwa amekwisha ruhusiwa kurudi nyumbani, nikampelekea mkanda wangu kitandani. Aliupapasa kwa vidole, akaangalia kifungo chake kinavyofunga na kufunguka, akaniambia nimwite jirani. Jirani alipokuja, mama akamwambia, "Huyu mwite nesi." Jirani akaniita nesi. Ni siku hiyo tu niliyompenda.

Moyo haukumpa mama muda mrefu. Alifariki kabla ya masika mengine, mchana, nikiwa kazini. Nilipofika wanawake walikuwa wamekwisha tandaza mikeka barazani, na safari hii hakuna aliyekuwa amekosea. Yule mwenzake wa mikono ya kutetemeka alinipokea mlangoni. Akanieleza kwamba mama aliacha usia, mimi nimwoshe, na yeye animiminie maji.

Nilivua mkanda, nikakunja mikono ya sare. Mfuo ulikuwa umechimbwa, pazia limefungwa, karafuu maiti inanukia. Hakuna nilichohitaji kuelekezwa pale. Tulimtia udhu, tukaosha kichwa, nikazichana nywele zake. Kisha nikasimama upande wake wa kuume, nikayapima maji kwa kiwiko, nikaona yana moto wa kutosha.

"Mama," nikasema, "sasa nitachukua mkono wako."

Nikanyoosha wangu kuuelekea ule wa mbali, nikangoja auinue.

Bibi aliacha kumimina. Nyuma ya pazia mtu aliyekuwa akisoma akanyamaza. Sikuelewa kwa nini wamesimama, mpaka bibi aliponigusa bega.

"Kuume kwanza, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Na usimsemeshe."

Nikafunga mdomo. Nikashika mkono wa kuume, na bibi akamimina.